Anza na Odera

Butimba, Mwanza
Jumatano, 3 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimefika salama. Daraja jipya la ziwani nimelivuka nikiwa nimesinzia, kwa hiyo usiniulize lilivyo. Queen, rafiki yangu wa shule ambaye nimefikia kwake huku Butimba, anakusalimu sana. Anasema viazi ulivyonifungia vimemtoa hasira zote za kunisubiri. Kwa Pius bado sijaenda. Nitakwenda kusalimia, ila kulala kwake siwezi. Mimi na kaka tukiwa chini ya paa moja tunagombana kabla chai haijachemka, unatujua.

Wiki niliyokaa nawe imenifurahisha. Imeniacha na mawazo pia, lakini hayo tuyaache.

Nina ombi. Likizo yangu bado ina siku chache kabla sijarudi Mtwara kusimama mapokezi na kuwaambia wageni wa hoteli "karibu sana" kutwa nzima. Na mimi nataka niwe mgeni wa mtu. Jumamosi nataka kuutembea mji wa Mwanza, ule wa zamani, kwa miguu na peke yangu. Aibu gani hii, nimezaliwa ng'ambo tu hapo na mji wenyewe naujua stendi na mitumba. Wewe umefundisha Jiografia mpaka ukastaafu, na kila mwezi unapanda feri kwenda mjini bila kumwambia mtu unafuata nini. Niandikie njia, Baba. Nianzie wapi, nipite wapi, niishie wapi.

Ningekupigia, lakini najua simu unavyoichukia. Barua mpe Elias wa haisi, akifika atampigia Queen.

Wako,
Modesta


Sengerema
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umeniomba njia. Kaka yako siku hizi ananiomba vyeti vya kliniki tu.

Wengi watakuambia uanze na mnara wa saa, au upande mlimani kwenye majengo ya Wajerumani, au ukapige picha na lile jiwe lao maarufu ziwani. Hayo yote ni mazuri na hayaendi popote, utayaona siku nyingine. Mimi nakupa mji wangu.

Shuka mjini asubuhi. Usianze na barabara, anza na Odera. Yuko feri ya Kamanga, mpakia mizigo, amevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mwambie wewe ni wa Mwalimu Machibya. Atakuonyesha kwa Shimba, fundi viatu. Viatu vyangu vyeusi viko kwake, naomba ulivalie njuga hilo, maana Shimba anapenda kusema kesho. Vichukue. Shimba atakuonyesha kwa Mama Precious, ambaye anauza chai asubuhi na samaki mchana. Kaa meza ya mwisho, mgongo ukutani, utazame mlangoni. Agiza sato. Ukishakula hapo utakuwa umeuona mji wote nilionao.

Usipande kitu. Tembea, na uwasalimie.

Ulipokuwa hapa ulinitazama sana, mwanangu. Sijui ulikuwa unatafuta nini usoni kwangu. Nimezeeka, basi, ni hilo tu.

Baba yako,
Machibya


Butimba
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kaka Pius,

Shikamoo. Nakuandikia barua pepe kwa sababu tukipigiana simu mmoja wetu atakata, na safari hii sitaki iwe mimi.

Nimefanya ulichosema. Ulisema, muombe akuelekeze mji, mwalimu wa Jiografia kichwa chake kikiwa kizima hawezi kukosea. Nilimuomba. Pius, alichoniandikia sikukielewa. Hakuna barabara hata moja. Hakuna mashariki wala magharibi, yeye aliyetuchapa kwa kusema "kule" badala ya kaskazini! Ameniandikia nianze na mbeba mizigo mwenye kofia ya sufu. Kisha fundi viatu, kisha mama wa samaki, na kisha nikae mgongo ukutani. Nilisoma mara mbili kwenye kibaraza cha Queen, nikajikuta nalia.

Nilikwenda hivyo hivyo. Huyo wa kofia nilimruka, sikuona sababu ya kutembeza swali la kofia gatini kwa watu wenye mizigo yao. Nikafungua ramani kwenye simu, nikaanza na mnara wa saa kama binadamu wengine. Nikasoma kibao cha askari waliokufa vitani. Nikapanda mlimani, nikashuka Makoroboi, mawe makubwa na nyumba juu yake, mtu anaanika nguo pale ambapo mimi nisingethubutu kusimama. Nikafuata mto Mirongo hadi harufu ikanishinda. Mji ni mzuri, Pius. Lakini kila kona nilikuwa namuulizia Shimba fundi viatu, na kila kona nacheka na kuchanganyikiwa. Nimeonyeshwa Shimba wa pikipiki, Shimba mchungaji, na Shimba mmoja ambaye msiba wake ulikuwa mwezi wa saba. Mama Precious nao wamejaa Mwanza hii kama mawe. Wengine wakaniambia wafanyabiashara wa pembeni mwa barabara walihamishwa zamani, kila mtu na alikopelekwa. Jua likanichosha, nikakaa mbele ya jiwe la Bismarck na wale korongo wabaya, nikala muhogo wa kuchoma, sikuonja sato wa mtu.

Nikiunganisha na niliyoyaona Sengerema naogopa. Birika lilipiga mluzi jikoni mpaka likakauka, naye amekaa pembeni yake anasoma gazeti. Nilimwita uani nikiwa nyuma yake, nikaita tena, hakugeuka. Nikamuuliza kama mbolea ya ruzuku imefika, akanijibu timu ya Pamba ilicheza vizuri. Usiku kila akikaa anatafuta ukuta wa kuegemea mgongo, kama mtu anayeogopa kuvamiwa. Ulikuwa unasema kichwa chake kinachoka, nami nakubishia kwa kuwa niko mbali na ni rahisi kubisha ukiwa mbali.

Nimekubali. Mchukue aje akae kwako Buswelu. Lakini mwambie kwa upole, hiyo nyumba ya Sengerema aliijenga na Mama.

Modesta


Butimba
Jumapili, 7 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimetembea. Mji nimeufurahia, asante kwa maelekezo. Kuna mahali nilipotea kidogo. Viatu vyako sikuviona, huenda fundi amehama. Nilikula, ila si samaki wa Mama Precious.

Baba, una hakika viatu uliviacha Mwanza? Angalia na uvunguni.

Unakula vizuri? Ukichemsha maji usiondoke jikoni.

Wako,
Modesta


Buswelu
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Nimesoma. Sina furaha ya kushinda hapa, usidhani. Nitamfuata Jumatano, nimeomba ruhusa kazini. Chumba cha uani kimepakwa rangi tayari.

Nitamwambia kwa upole, ingawa sijui upole utamfikia upande gani. Mwezi uliopita nilizungumza naye saa nzima ndani ya gari kuhusu kuhamia huku, anaitikia "mm, mm" kila neno. Tulipofika akaniuliza, "Ulikuwa unasema?"

Pius


Sengerema
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mwanangu Modesta,

Marahaba. Barua yako imenivuruga, nimeiweka mezani na kuichukua tangu asubuhi.

Uvunguni nimeangalia. Kuna jembe na paka. Viatu viko kwa Shimba.

Sielewi umepoteaje. Nilikuambia uanze na Odera. Hujamtaja. Shimba kuhama amehama kweli, wote walihamishwa, mimi mwenyewe niliwatafuta wiki nzima, tena Odera ndiye aliyenipeleka. Ndiyo maana sikukuandikia barabara. Barabara ingekupeleka kwenye kibanda kilichokwisha kubomolewa. Sasa nakuuliza kama nilivyokuwa nauliza darasani: ulisoma swali, au ulianza kujibu?

Samahani, ni ukali wa zamani. Ukweli ni kwamba nimeumia. Nilitaka uwaone hao watu. Kuna jambo ambalo mimi siwezi kukueleza mwenyewe, na nilifikiri ukikaa pale mezani kwa Mama Precious ungelijua bila mimi kufungua mdomo. Nilikuwa nategemea hilo.

Rudi, mwanangu. Kabla hujapanda basi la Mtwara, rudi mjini, anza na Odera.

Pius ameleta ujumbe kwa jirani kwamba kesho anakuja na gari. Sijui anakuja kwa lipi. Nitamchinjia kuku.

Baba yako,
Machibya


Butimba
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Pius,

Nimekupigia, hupokei. Najua uko kazini na najua umeshamleta, mkeo ameniambia. Soma hii mpaka mwisho, hata kama uko kwenye kikao.

Barua ya Baba ya Jumanne nimeipata jana jioni. Haisi ya Elias ilikuwa gereji, nayo barua imekaa humo humo kwenye kioo cha mbele. Laiti ingefika siku yake! Leo asubuhi nimekwenda mjini bila ramani, nikaenda moja kwa moja feri.

Odera yupo. Kofia ya sufu ipo. Nikamwambia mimi ni wa Mwalimu Machibya, akatua gunia la dagaa chini, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwanza, kabla hajasema neno. Halafu akasimama mbele yangu kabisa, akasema taratibu, mdomo wazi: "Ka-ri-bu." Nikadhani ananitania. Akacheka sana. "Pole, mama. Nimezoea ule mzee. Yeye mpaka umguse, ndiyo akuangalie, ndiyo useme." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama vile mimi ndiye mgeni wa Baba na yeye ndiye mtoto wake. Akamwachia mwenzake gunia, akanisindikiza mwenyewe hadi kwa Shimba.

Shimba hayuko mbali, yuko kwenye mabanda mapya, kati ya mama wa vikoi na mtu wa saa, wote walikuwa majirani huko walikotolewa na wakaenda kukaa vile vile. Viatu vilikuwa juu ya rafu. Nimevigeuza, chini ya soli kuna maandishi ya chaki: "Kisigino tayari. Kamba mpya au za zamani?" Na chini yake, kwa ule mwandiko wa Baba wa ubaoni: "Za zamani." Shimba anasema wao huzungumza kwenye soli. Anasema, "Mzee wetu hasikii, dada. Kwani hujui? Hasikii kabisa."

Kabisa, Pius! Si sikio moja zito kama anavyotuambia.

Kwa Mama Precious nimekaa meza ile ya mwisho, mgongo ukutani. Hapo nimeelewa. Ukikaa pale hakuna anayetokea nyuma yako. Kila anayeingia anakuja na uso, na mwanga wa mlango unampiga mdomoni. Mama Precious alikaa mbele yangu akaniambia: "Babako anasoma midomo. Alifundisha miaka mingi, midomo ya watoto wanaonong'ona anaijua. Lakini awe anakutazama. Ukigeuka, umemzimia redio. Anakuja hapa kila mwezi kupiga stori, anacheka mpaka machozi, halafu anarudi kwake akiwa amepumua. Nilimwambia waambie wanao. Akasema, nikiwaambia watanitoa nyumbani kwangu."

Ndiyo tuliyoyafanya hayo, mimi na wewe. Tena mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Kichwa chake hakina tatizo lolote. Birika hakulisikia. Mimi nilimwita mgongoni. Mbolea nilimuuliza nikiwa nimeinamia sufuria. Na wewe unaongea naye ndani ya gari huku unatazama barabara! Kuitikia "mm, mm" ni aibu ya kusema hajasikia kwa mara ya ishirini. Wewe ukachukua hiyo ukaita kukubali.

Nakuomba kitu kimoja leo. Ukifika nyumbani usimwambie chochote. Chukua karatasi, mwandikie swali.

Mimi nimeahirisha basi. Kesho kutwa nakuja huko, na simu nimeacha wazi usiku mzima.

Modesta


Buswelu
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mwanangu Modesta,

Jana jioni kaka yako aliingia chumbani kwangu na tai yake shingoni bado, akakaa kitandani mbele yangu, akatoa karatasi na kalamu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Nilidhani ni habari ya msiba. Alikuwa ameandika: "Baba, unanisikia?"

Nikachukua kalamu nikaandika chini yake: "Hapana."

Hakuna zaidi tulichoandika. Aliniwekea kichwa magotini, mtu mzima yule, na tai yake, na mimi nikamshika kisogo kama alipokuwa na surua. Nilikuwa namkasirikia tangu Jumatano na hasira yenyewe ikanikimbia mikononi.

Wewe nakukasirikia kidogo. Pius ameniandikia kwamba na wewe ulikubali. Nimeumia, lazima nikuambie, maana tulilala nyumba moja wiki nzima na hukuniuliza. Na mimi sikukuambia. Nilikuwa nawaogopa ninyi kuliko ninavyouogopa uziwi. Uziwi una njia zake, nimezizoea. Watoto wakishaamua jambo la baba yao, njia hakuna. Aliponipakia garini niliitikia kwa kichwa kama nifanyavyo siku zote, nikidhani tunakwenda kununua kuku wa pili. Tulipopita darajani nikaona godoro langu kwenye kioo cha nyuma.

Nyumba ni nzuri. Rangi ya chumba ni nzuri. Wajukuu wananipenda, wanakuja wakikimbia na kupita wakikimbia, wanasema wakiwa wameshageuka. Mkwe wangu ananisemesha kutoka jikoni. Hawana kosa, hawakuambiwa. Lakini tangu Jumatano sijazungumza na mtu, mwanangu. Hata Pius tumezungumza kwa karatasi.

Pius anasema atanirudisha Jumatatu, na kwamba kila wikendi atavuka mwenyewe kuja kukaa mbele yangu. Ameandika hivyo, "kukaa mbele yako." Nimeikunja hiyo karatasi nimeweka mfukoni, asije akajisahau.

Umeniuliza kupitia kwake namna ya kufika. Nimekaa na kalamu kwa muda mrefu. Hapa siwezi kukuelekeza. Najua geti ni jeusi, basi. Mtu wa kuanzia sina. Mtu wa kukuambia "huyu ni wa Mwalimu" sina. Muombe kaka yako akuchoree.

Njoo na viatu vyangu. Hivi nilivyoazimwa vinanibana, na nina safari ya kurudi kwangu.

Geti likiwa limefungwa usibonyeze kengele, mimi siisikii. Ingia tu. Nimevuta kiti mpaka ukutani, nitakuwa nautazama mlango.

Baba yako,
Machibya